Waliokunywa Baada Yangu

Mbukwenyi, ndugu zangu. Jina la Bwana lisifiwe na kila mwenye pumzi, na wale waliokaa karibu na mlango ili nikianguka wawe wa kwanza kutoka, nao wamsifu huko huko waliko.

Mimi ni Ndahani, mwana wa watu wa Zuzu, wa darasa la wakubwa katika shule yetu hii ya misheni. Mnanijua. Asiyenijua kwa jina ananijua kwa kifafa. Mwalimu Petro ameniagiza niandike ushuhuda huu kwanza, kisha niusome kama ulivyoandikwa, kwa sababu anasema mdomo wangu ukiachwa peke yake hupotea njia. Amekwisha kuusoma na amefuta mahali pawili. Kwa hiyo mkisikia habari inaruka ghafla kama mbuzi, mjue hapo palikuwa na jambo zuri.

Nataka niseme mapema, msije mkanidai baadaye: sijapona. Juzi tu nimeanguka tena katika shamba la shule, nikavunja mabua ya uwele, na wenzangu wakasema nimetafuta sababu ya kukwepa palizi. Wengine husimama hapa mbele wakasema walikuwa wagonjwa na sasa wazima kabisa, nami huwatazama miguuni kuona kama kweli hawachechemei. Samahani. Ndivyo nilivyo, mtu wa kushuku. Na kushuku huko ndiko ninakotaka kuwasimulia, maana ndiko Bwana alikonitoa, au tuseme, amenitoa kichwa na mabega, na sehemu iliyobaki anaendelea kuivuta.

Ndugu zangu, nilianguka mara ya kwanza nikiwa machungani. Nilinusa harufu ya uwele unaoungua, nikashangaa nani anapika porini, na hapo hapo nikawa sipo. Nilipozinduka nilikuwa nimeuma ulimi na wenzangu walikuwa wadogo kwa mbali, wanakimbia. Ng'ombe peke yao ndio waliobaki na mimi, nadhani kwa sababu hawakuwa wamesikia habari.

Maana habari yenyewe mnaijua, hata ninyi mliobatizwa. Kwetu inasemwa kwamba mate ya mtu wa kifafa yakikugusa, umekwisha, nawe utaanguka. Inasemwa pia kwamba akiwa chini akatoa upepo, atakayeunusa naye ataanguka siku yake. (Neno upepo ni la Mwalimu. Mimi nilikuwa nimeandika jingine.) Kwa hiyo mtu wa kifafa akianguka, watu hutawanyika. Akiisha kuamka, pale alipolala humwagiwa majivu, na chombo chake cha kulia huwekwa peke yake. Mimi bakuli langu liliwekwa juu ya ukuta wa zizi. Kuku walilithamini kuliko watu.

Mama yangu mzazi alikufa kwa ndui ningali mgongoni. Aliyenilea ni mke mkubwa wa baba, jina lake Mbeleje, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka. Nilimwita mama kwa sababu ya adabu, naye aliitika kwa sababu ya adabu. Na ndugu wa baba, baba mdogo Malogo, aliishi nasi katika tembe hilo hilo, upande wa pili wa ua, akimtazama Mbeleje jinsi mtu anavyotazama ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani. Mbeleje alikuwa na kipande cha ardhi nyeusi kule mbugani, ardhi inayotoa mtama hata mwaka ambao sisi wengine tunakula mizizi. Malogo hakuwa nacho.

Baba akaenda kwa mganga mmoja upande wa Nkuhungu. Mganga akatikisa vitu vyake akasema, "Anayemfuata mtoto, ndiye anayemla." Basi. Akala mbuzi wetu akatulia.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo nikawa na kazi. Nikaanza kuangalia ni nani ananifuata. Na kila nilipogeuka, nilimkuta Mbeleje.

Niliporudi nyumbani likizo nilikuta amezungushia jiko miiba, kama vile moto nao una chui wa kuuwinda. Nikajiuliza, anaficha nini humo ndani? Nikalala, nikaamka na njuga mguuni, njuga kama za wacheza ngoma, zimefungwa kwa kamba nilipokuwa usingizini. Nikageuka ubavu, zikalia, na Mbeleje akakohoa kule kwake gizani. Nikasema moyoni, huyu anahesabu pumzi zangu. Kisu changu kidogo cha kuchongea mishale kilipotea, nikakiona kimechomekwa juu kabisa ya paa la tembe. Nikitaka kwenda kuteka maji korongoni, kule tunakochimba shimo refu mchangani wakati wa kiangazi, ananikataza. Mtoto wa kiume nakatazwa maji! Nikienda kuoga anamtuma mtu anifuate. Na kila asubuhi, kabla jua halijakaa sawa, ananiletea maziwa ya mgando na ugali uliolala, anasimama mbele yangu mpaka nimalize.

"Kula," anasema.

"Sina njaa, mama."

"Sikukuuliza njaa. Kula."

Nani anamlazimisha mtu kula bure? Nilimtazama mbwa wetu kwa siri, nikampa nusu ya maziwa, nikangoja afe. Mbwa akanenepa.

Hata dawa niliishuku. Bibi wa dawa hapa misheni alikuwa amenipa maji yenye chumvi ya ajabu, ninywe kila jioni baada ya chakula nisikose. Yalinitia usingizi, yakaniotesha chunusi usoni mpaka wenzangu wakaniita Papai. Nilipoona Mbeleje ndiye anayeshika chupa na kunipimia kwenye kijiko, nikasema, ala, kumbe wamekutana. Nikawa naweka dawa shavuni, nikitoka nje naitema kwenye majivu. Ndugu zangu, msifanye hivyo. Sikumaliza juma kabla sijaanguka, nikaamka, nikaanguka tena kabla sijamaliza kukaa. Kuanguka kwa namna ile ni kama mtu anakufunga mlango wa fahamu, unaufungua, anaufunga. Lakini mimi, kwa akili zangu, nikasema unaona, uchawi umeongezeka.

Baba mdogo Malogo naye alikuwa ananipika taratibu. Alinikuta zizini akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Huoni?"

"Naona, baba mdogo."

"Unaona nini?"

"Naona ananifuata."

"Hayo usiyaseme kwangu. Utayasema mbele ya wazee. Mavuno yakiingia tutakaa. Neno la mgonjwa mwenyewe ndilo litakaloamua. Ukimtaja, anarudi kwa kaka zake na nguo aliyovaa. Watoto wanabaki, shamba linabaki. Wewe unapona."

Nikaliona jambo lote kama lilivyo. Zamani angenyweshwa mwavi, ile sumu ya kupimia wachawi, lakini siku hizi Mdachi amekataza, na mzee wa kijiji atakayeruhusu huitwa bomani akarudi hawezi kukaa kwa viboko. Kwa hiyo kilichobaki ni neno langu. Mimi, mtoto ambaye Mwalimu hamwamini hata kupiga kengele, ndiye niliyeshikilia nyumba ya mwanamke mzima kwenye ulimi wangu ulioumwa.

Nikasema, sawa, nitamtaja. Lakini nitamkamata kwanza, nimwone kwa macho yangu.

Hapa, ndugu zangu, naomba mnivumilie. Niliamua kuanguka kwa uongo.

Nilifikiri hivi: nikianguka kweli mimi sipo, sioni anachonifanyia. Na wengine wote hukimbia, hakuna anayeona. Kwa hiyo hakuna mtu duniani anayejua Mbeleje hufanya nini na mimi wakati ule. Basi nianguke nikiwa ndani, mlango wazi.

Ilikuwa jioni, jua bado lipo, watu wamekaa uani wanangoja ugali. Baba alikuwa na mgeni mmoja kutoka Nzuguni. Nikajaza maziwa mdomoni, nikapiga ukelele mmoja mzuri wa puani, nikaenda chini, nikatupa mikono na miguu, nikatoa povu. Na ili kazi iwe kamili, nikatoa na ule upepo wa Mwalimu.

Sijaona ua ukisafishika namna ile. Mgeni wa Nzuguni aliacha viatu. Baba alikwenda kwa heshima lakini alikwenda. Baba mdogo Malogo, mtu ambaye kila siku hulalamika goti, aliruka boma la miiba bila kuligusa.

Nikabaki nimelala, jicho moja limefunguka kidogo. Nikasikia miguu ya Mbeleje inakuja. Nikajisemea, sasa. Atanikata nywele. Atanipulizia kitu puani.

Akainama, akakiondoa chungu cha moto kilichokuwa karibu na kichwa changu. Akanishika kwapani akaniburuta mbali na jiko, huku akiguna, maana siyo mwepesi mimi. Akanigeuza ubavu. Akafungua nguo yake ya mabegani akaikunja, akaniwekea chini ya kichwa. Akanifuta povu kwa kiganja chake kitupu, akajipangusia kwenye nguo ya kiunoni. Hakunishika mikono nisitikisike, hakunitia kijiti mdomoni, hakunimwagia maji. Akakaa chini, akaegemeza mgongo wake kwenye mgongo wangu nisibingirike, akaanza kusema polepole kama mtu anayepepeta mtama.

"Tena leo. Mbele ya mgeni. Haya, tikisika umalize. Sikupendi, mtoto wewe. Mama yako alikuwa na maneno, ukayarithi yote hukubakiza. Lakini kwangu hufi. Ukiungua kwenye jiko langu, ni mimi. Ukizama korongoni, ni mimi. Ukijichoma kisu, ni mimi. Ukifa hapa, Malogo atakuwa analima shamba langu kabla hujaoza."

Ndugu zangu, kucheka ni ugonjwa wangu wa pili. Nilijizuia kwa meno. Mgongo ukanitikisika. Akausikia.

"Umeamka?"

"Bado, mama."

Akanifinya sikio mpaka nikaona malaika.

"Ulikuwa unaniigizia?"

"Nilikuwa nakuangalia."

"Umeona nini?"

"Nimeona hunipendi."

"Basi umeona vizuri," akasema, akachukua nguo yake akaenda kusonga ugali.

Nililala pale pale mchangani nikifikiri. Miiba, njuga, kisu juu ya paa, maji ya korongo, maziwa ya asubuhi, chupa ya dawa. Vyote vikageuka mbele yangu. Alikuwa ananilinda kama mtu anavyolinda kesi yake. Na mimi nikaona, afadhali huyu. Anayekupenda anaweza kukimbia povu likitoka. Huyu amebaki, na hata kunipenda hanipendi.

Nikarudi shule, nikamweleza Mwalimu Petro. Nilidhani atanichapa kwa ajili ya kuigiza. Badala yake akasema, "Siku ya wazee ikifika, sema ulichokiona. Usiongeze."

"Na upepo niuseme?"

"Huo uache."

Mavuno yakaingia. Wazee wakakutana uani kwetu, na mtu mmoja akawekwa juu ya paa la tembe aangalie kama askari wa boma anatokea upande wa reli. Mbeleje alikuwa amepika pombe ya mtama, maana ndiye mwenye mji, na wazee hawasemi na koo kavu hata kama kesi ni ya mpishi. Akaleta chungu na kibuyu cha kunywea, akaweka katikati, akaenda kukaa ukutani peke yake, mikono magotini.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ili waone haina kitu. Mbeleje akainuka aonje. Baba mdogo Malogo akanyanyua mkono.

"Hapana. Mchawi sumu yake haimdhuru. Mimi pombe ya mwanamke huyu siinywi kwa kuonja kwake."

"Aonje nani basi?" akauliza mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, aliyekuwa anakitazama kibuyu kwa hamu.

"Kijana aonje. Yeye ndiye anayeliwa. Kama kuna kitu humo, mwili wake utakitambua."

Wazee wakatikisa vichwa, wakaona ni akili kubwa. Nikaitwa. Nikachota, nikanywa. (Mwalimu, usifute hapa, nilikunywa kwa amri ya wazee.) Nikanywa vizuri, mdomo wote kwenye ukingo. Wakanitazama machoni, wakanitazama mikono, nikasimama kama mti. Wakaridhika. Kibuyu kikachotwa tena, kikaanza kwa mzee mkubwa, kikaenda kwa baba, kikaenda kwa Malogo, kikazunguka.

Kisha wakaniuliza. "Kijana, sema. Unapoanguka, unamwona nani?"

Nikasema kama Mwalimu alivyoniambia. Nikasema kwamba nilianguka kwa uongo. Baba alinitazama kwa jicho ambalo nililijua, nikajua kiboko kimeshachaguliwa, nikaendelea. Nikasema wote mlikimbia, akabaki yeye. Akanitoa motoni, akanigeuza ubavu, akanifuta povu kwa mkono wake, na amekuwa akifanya hivyo tangu nilipoanza kuumwa. Nikamaliza. Nikangoja wanishukuru.

Baba mdogo Malogo akaweka kibuyu chini taratibu.

"Mmesikia, wazee? Anashika povu. Kwa mkono mtupu. Tangu zamani. Na haanguki. Mtu anashika povu la kifafa miaka yote hiyo lisimpate, kwa nini? Kwa sababu ni lake. Mwenye mbwa hang'atwi na mbwa wake."

Minong'ono ikazunguka ua mzima. Hata baba akainamisha kichwa. Nikamtazama Mbeleje ukutani. Alikuwa anaangalia mikono yake kana kwamba ndiyo imemshitaki. Na aliyewapa mikono hiyo ni mimi, kwa kusema kweli.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoishiwa. Kama ningenyamaza, wangemfukuza. Nimesema, ndiyo kwanza wanamfukuza. Nilihisi kidole gumba kinaanza kufa ganzi, na kwa mbali ile harufu ya uwele unaoungua, nikajua nikianguka sasa kesi imekwisha, watasema amenimaliza mbele yao. Nikaketi chini palepale, mbali na chungu, nikavuta pumzi taratibu kama Bibi wa dawa alivyonifundisha. Nikaomba. Sikuomba sala ya kitabuni. Nilisema, "Bwana, mimi sina hekima, nina utani tu. Kama hekima imekwisha huko, nipe hata utani."

Harufu ikapita. Nikafumbua macho, na mbele ya macho yangu kibuyu kilikuwa kinapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Nikasema, "Wazee wangu, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Baba mdogo, mate yangu yanaambukiza?"

"Yanaambukiza. Kila mtu anajua."

"Hata kama sijaanguka?"

"Mate ni mate," akasema Malogo. "Kwa nini bakuli lako liko ukutani?"

"Na aliyeyagusa asiambukizwe, ni mchawi?"

"Nimekwisha kusema. Ni mchawi."

"Basi tungojeni," nikasema. "Kwa sababu kibuyu hicho nilianza mimi, na mmekunywa wote baada yangu."

Mnakumbuka siku mvua ya mawe ilipopiga paa la kanisa kisha ikaacha ghafla? Kimya kilikuwa kama kile. Mzee aliyekuwa ameshika kibuyu akakitazama ndani, nadhani alitafuta meno yangu. Mwingine akajifuta mdomo kwa mkono, kisha akautazama mkono, akakosa pa kuupeleka. Malogo akatema mate. Akatema tena. Nikamwambia, "Baba mdogo, umekwisha kumeza."

Kule ukutani nikasikia sauti ndogo, kama mlango mkavu unaofunguliwa. Ilikuwa Mbeleje. Sijui kama alicheka. Sijawahi kusikia kicheko chake hata nikilinganishe.

Mzee mkubwa akasema, "Malogo. Kwa maneno yako, sisi wote hapa tutaanguka, au sisi wote ni wachawi."

"Mzee wangu, mimi nilisema kuhusu povu..."

"Ulisema mate ni mate. Mimi nimezeeka, sitaki kuanguka, na sitaki kuitwa mchawi, hasa siku hizi ambapo boma linasikia kila kitu. Kwa hiyo kijana huyu haambukizi. Na kama haambukizi, mwanamke huyu kosa lake ni nini? Kumfuta mtoto mdomo?" Akainuka kwa kushika bega la mwenzake. "Anabaki kwake. Shamba ni lake. Nileteeni fimbo yangu."

Alibaki. Ndugu zangu, mpaka leo yuko Zuzu, na mtama wake msimu huu umekwenda juu ya kichwa changu. Wazee walipoondoka, mtu mmoja alipindua chungu, pombe yote ikaingia mchangani. Nilidhani Mbeleje atanishukuru. Alisimama akitazama ardhi iliyolowa.

"Umeniokoa," akasema, "na umenimwagia kazi ya siku nzima. Kesho utasaga."

Nikasaga, mimi mwanaume, kwenye jiwe la kusagia, wasichana wa jirani wamekaa wananitazama. Kiboko cha baba nacho kilikuja kama kilivyoahidi. Nasema haya ili mjue wokovu hauji mtupu.

Lakini sikilizeni la baba mdogo. Siku chache baadaye alinivizia nyuma ya zizi, akatazama kushoto na kulia.

"Mwanangu. Ile ikianza, inaanza vipi?"

"Ipi, baba mdogo?"

"Usinifanye mjinga. Nauliza tu."

Alikuwa anangoja aanguke. Nikamhurumia, na pia sikumhurumia. Nikamwambia yote ninayoishi nayo, na nayasema mbele yenu pia kwa sababu najua wapo humu wenye mtoto kama mimi amefichwa ndani. Nilimwambia kila mtu ana dalili yake, mwingine harufu, mwingine ganzi, mwingine tumbo kupanda, mwingine hana kabisa, na ukiisikia yako usione haya, keti chini hapo hapo ulipo. Lala mbali na moto, na jiko lizungushie kitu. Korongoni usiende peke yako, na juu ya paa usipande. Usilale na njaa wala usiamke ukakaa na njaa, na usiku usikeshe ngomani, maana ukikosa usingizi, ugonjwa hukupata. Ukipewa dawa, inywe kila siku hata siku unayojiona mzima, na usiiache ghafla kwa kushuku, mimi niliyeiacha nilijuta. Mweleze mtu mmoja, hata asiyekupenda, akufanyie hivi: akugeuze ubavu, akuwekee kitu laini chini ya kichwa, aondoe vya moto na vyenye ncha, asikutie kitu mdomoni, asikukandamize, akae nawe mpaka urudi. Na ukirudi utakuwa na kichwa kizito na aibu, asikuulize maswali.

"Basi?" akauliza Malogo.

"Na moja tena. Kila asubuhi umsalimie mke mkubwa wa kaka yako kwa heshima. Hilo husaidia sana."

Akalifanya. Mpaka leo analifanya, analala mbali na moto, anakula mapema, na hajaanguka hata mara moja, akidhani ni kwa sababu hiyo. Mbeleje akisalimiwa huitika kwa adabu, kisha hunitazama mimi.

Namshukuru Bwana, ndugu zangu, aliyenitoa mahali ambapo kila mkono ulioninyooshea chakula niliuona una sumu. Nilitaka anitoe kwenye kifafa, akanitoa kwenye hicho kwanza. Labda aliona kipi kinaua haraka. Bado nashuku. Nashuku uji wa shule, nashuku utulivu wa Mwalimu, nawashuku ninyi mnaotikisa vichwa sasa hivi. Lakini dawa nakunywa, njuga nimezivaa mwenyewe, na nikianguka najua kuna mikono duniani isiyokimbia. Nawaomba nanyi mjaribu kuamini kidogo, kwa kipimo mnachoweza. Msiogope mate yangu. Mwogopeni Mungu, na mumtoe ndani yule mtoto.

Mkitoka mtakuwa na kiu, maana nimewachelewesha. Mtungi wa kanisa uko nje kwenye kivuli cha ukuta, maji yametekwa leo asubuhi, na kata yake iko juu. Nimekwisha kunywa. Karibuni.